Majivu Mnamwaga Wapi?

Jumamosi moja ya Oktoba, saa tatu usiku, nilimpigia Mama kwa video. Huku Minnesota majani yalikuwa yameshapukutika, na usiku ule ndio tuliwasha moto wa sebuleni kwa mara ya kwanza msimu huu. Kule Njombe ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa ameshaamka zamani, yuko nje na jiko lake la mkaa, anapepea.

Nikageuza simu ili aone. Kioo, ndimi za moto nyuma yake, magogo matano yanayowaka bila kuisha. Binti yangu mdogo akabonyeza rimoti, moto ukazimika. Akabonyeza tena, ukawaka. Nilitegemea Mama acheke. Akasogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona paji tu, akatazama weee, kisha akauliza:

"Baba, majivu mnamwaga wapi?"

Nikamweleza kwamba hakuna majivu. Hii ni gesi, Mama. Yale magogo ni ya bandia, hayaungui.

"Moto usio na majivu," akasema, kwa sauti ile anayoitumia akiambiwa kuna jirani ambaye huwa haendi misibani. "Haya."

Tukahamia kwenye mengine: mahindi, bei ya mbolea, goti lake. Lakini lile swali lilibaki sebuleni kwangu. Wiki ya kwanza nililicheka. Wiki ya pili nikalisimulia kazini, nao wakalicheka. Wiki ya tatu nikajikuta nakaa mbele ya ule moto usiku, watoto wamelala, nikijiuliza kama mtu mzima na akili zake: kitu kinachoungua humu ndani, mabaki yake yanakwenda wapi?

Moto unaodai

Aliyekulia Njombe hahitaji kuelezwa baridi ya Juni. Kuna asubuhi unatoka nje unakuta sakitu imelala juu ya nyasi kama chumvi. Nyumbani kwetu joto lilikuwa mkaa wa miwati, jiko moja, na watoto wanne tunaligombania.

Kazi yangu mimi ilikuwa majivu. Kabla ya chai, kabla ya shule, unachukua jiko la jana, unaligonga pembeni mara mbili tatu, unachokonoa matundu yake kwa kijiti mpaka uone mwanga upande wa pili. Majivu hayatupwi ovyo. Mengine yanakwenda chooni, mengine kwenye mboga kufukuza wadudu, na yale laini kabisa Mama anayaweka kwenye kopo ya kusugulia sufuria. Jioni kazi inahamia kwenye chemli. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono mdogo unaoingia kwenye kioo, kwa hiyo mimi ndiye niliyefuta masizi kwa kipande cha gazeti, napulizia pumzi, nafuta tena, mpaka Mama akiinue kwenye mwanga aridhike.

Ule moto ulikuwa unakudai kila siku, na ukichelewa kuulipa unakuumbua: jiko halipitishi hewa, mkaa hauwaki, chai inachelewa, shule unafika kengele imeshalia.

Huu wa hapa haujawahi kunidai. Tulinunua nyumba hii miaka mitano iliyopita, na ukweli ni kwamba moto huu ndio ulionifanya niipende. Januari 2019 tulikuwa bado tunapanga. Asubuhi ya tarehe 30, Minneapolis iliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, na usiku wake mzima nilikuwa nawaza jambo moja: umeme ukikatika sasa hivi, wanangu nawafunika na nini? Kwa hiyo dalali alipotuambia kwamba fayaplesi hii inawaka hata umeme ukiwa umekatika, habari za paa na msingi sikuziuliza tena.

Baada ya hapo ikawa ni kubonyeza tu. Majira ya baridi matano. Gari linabadilishwa oili kwa tarehe. Hita kubwa ya chini inabadilishwa chujio. Hata mashine ya kukata nyasi ina siku yake ya kunolewa kisu. Moto, ambao ni moto, haukuguswa.

Nasema haukuguswa. Niliugusa mara moja, na nitafika huko.

Ukungu

Katika kukaa kwangu mbele ya moto ndipo nikakiona kioo. Kilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga, ila huu haukauki. Nadhani ulikuwepo kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeshauzoea kiasi cha kuuona kama sehemu ya moto wenyewe.

Nikachukua ile dawa ya bluu ya kufutia madirisha na karatasi, nikafuta. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.

Nikapiga magoti, nikafungua kijilango cha chini, nikamulika kwa tochi ya simu. Vumbi la kufinyangia. Soksi moja ya mtoto. Kalamu za rangi mbili, moja imeyeyuka kidogo. Na nyuma kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, kitabu cha maelekezo kikiwa na kurasa zake bado zimegandana. Nikakaa sakafuni pale pale nikakisoma, miaka mitano baada ya kuhamia.

Kioo kisifutwe kikiwa cha moto. Kisifutwe kwa dawa yenye amonia, maana yake ile ile ya bluu niliyokuwa nimeishika. Ule weupe unatokana na salfa iliyomo kwenye gesi pamoja na mvuke, na ukiachwa muda mrefu joto linauokea kwenye kioo, hautoki tena maisha. Na kwa herufi nene, zaidi ya mara moja: mtambo ukaguliwe na usafishwe na fundi aliyehitimu angalau mara moja kwa mwaka.

Nikazidisha kichwani. Mara moja kwa mwaka, mara tano. Nilikuwa nadaiwa, kumbe.

Masizi ya chemli yana ustaarabu: ni meusi, yanajionyesha, na usipoyafuta leo kesho husomi. Huu mweupe unakuja kidogokidogo, na wewe unaendelea kuota moto.

Dola 190

Nikapiga simu kuulizia bei. Dola 190, na nafasi ipo baada ya wiki mbili.

Jamani. Dola 190 nifutiwe kioo? Mimi niliyefuta vioo vya chemli tangu darasa la kwanza? Nikaingia mtandaoni, nikaangalia video tatu za wazee wa Kimarekani wanaofungua fayaplesi zao. Ni vibano viwili vya springi kwa chini, unavuta, kioo kinatoka. Kazi ya nusu saa.

Nikatupia swali kwenye grupu letu la WhatsApp. Majibu yakaja kama mvua. Mmoja akasema hao wanatafuta hela ya Krismasi. Mwingine akasema wa kwake una miaka kumi na miwili, hajawahi kuufungua, na unawaka "fresh". Rafiki yangu Mkenya wa Brooklyn Park akaandika: "Fungua tu bana, hiyo si roketi." Mjadala ukageuka ukawa wa Wazungu na bili zao, ukaishia kwenye mpira, kama kawaida.

Nilikuwa nimeshaamua kufungua mwenyewe. Nilichokuwa natafuta kule kwenye grupu kilikuwa idhini.

Saa tano usiku, dada mmoja ambaye ni nesi akaniandikia pembeni, nje ya grupu. Hakugusia kioo wala bei. Aliuliza kitu kimoja:

"Kaka, king'ora chenu cha kaboni kinafanya kazi?"

Nikajibu haraka, "Ndiyo, kipo."

Nikaizima simu. Nikakaa gizani kidogo. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua droo ya vijiko.

Droo

King'ora, kile kifaa cha ukutani kinacholia moto ukitoa hewa ya sumu, kilikuwa mle ndani, chini ya kisu cha mkate, kimelala kifudifudi.

Mwezi Agosti kilianza kulia usiku. Si ule mlio mkubwa, ni kale kasauti kama kifaranga, mara moja, kimya, halafu tena. Saa tisa usiku. Nikabadilisha betri. Kikaendelea. Nikahitimisha kwamba kimeharibika, nikakitoa ukutani, nikakitia kwenye droo nikisema nitanunua kingine kesho. Hiyo kesho ilikuwa na miezi mitatu sasa.

Nikakigeuza. Nyuma, kwa maandishi madogo, kulikuwa na tarehe ya kutengenezwa na maelezo kwamba baada ya miaka 7 kibadilishwe. Ilishapita. Kumbe zile kelele za Agosti zilikuwa ni king'ora kunitaarifu kwamba muda wake umekwisha na hakiwezi tena kutulinda.

Tangu Agosti 2008 sheria ya Minnesota inataka nyumba ya familia moja iwe na king'ora hiki, kisiwe mbali zaidi ya futi 10 na kila chumba cha kulala. Ni kama hatua nne. Nikahesabu hatua kutoka mlango wa wanangu mpaka droo ya vijiko. Sikuipenda hesabu.

Na hapa ndipo lazima niseme kitu ambacho sikuwahi kukisema kwa watu wa huku.

Nikiwa darasa la tano, mtaani kwetu kulikuwa na vijana wawili waliokuja kuchuma chai. Walipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya jirani. Ilikuwa Julai. Usiku waliingiza jiko, mkaa umekolea vizuri, mwekundu, hauna hata moshi, wakafunga mlango na dirisha kwa sababu ya baridi. Asubuhi hawakutoka. Mlango ulipovunjwa walikutwa wamelala vizuri kabisa, blanketi mpaka kidevuni. Nakumbuka watu wazima wakinong'ona uchawi, kwa sababu hakukuwa na damu, hakukuwa na moshi, hakukuwa na chochote.

Mama hakunong'ona. Jioni ile alitoa jiko letu nje mapema kuliko siku zote, akalimwagia majivu juu, akarudi, akasema: "Humu ndani jiko halilali na mtu. Tutatetemeka." Na tulitetemeka. Tangu siku hiyo mpaka naondoka Njombe, hakuna usiku ambao jiko lililala ndani.

Hewa iliyowaua ina jina. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku damu yake haina nafasi ya kubeba hewa. Inatokea popote moto unapoungua bila hewa ya kutosha. Mkaa, jenereta, gari ndani ya gereji, gesi. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwenye baridi kali, watu waliingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani, na familia zikafa kule kule kwenye nchi ya vitabu vya maelekezo. Niliisoma habari ile nikatikisa kichwa, nikasema hawa hawana Mama wa kuwaambia.

Mimi ninaye. Na king'ora nilikiweka na vijiko.

Pua haisaidii

Nilikuwa na kinga moja kichwani mwangu, na nadhani wengi tunayo: gesi ikivuja nitainusa.

Ni kweli, lakini ni nusu. Gesi asilia yenyewe haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, kwenye mji wa New London, Texas, gesi ilivuja chini ya shule bila mtu kuinusa, ikalipuka, ikaua watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo kutia dawa ya kunuka kwenye gesi kukawa lazima, ile harufu ya yai bovu ambayo kila mwenye mtungi jikoni anaijua. Lakini harufu hiyo inakuambia gesi mbichi, ambayo haijaungua. Ikishaingia kwenye moto, harufu inaungua pamoja nayo. Moto ukiungua vibaya, kinachotoka hakina cha kunuswa.

Pua yangu ilikuwa inalinda mlango wa mbele. Wa nyuma ulikuwa wazi.

Asubuhi nilipiga simu nikamwita fundi. Kabla ya kazi nilipitia dukani nikanunua king'ora kipya. Nilisimama pale dukani nikisoma boksi: hewa hiyo ikifika sehemu 70 katika milioni, king'ora kinaweza kungoja saa moja mpaka nne ndipo kilie; ikifika 400, lazima kilie ndani ya dakika 15. Nilidhani vinalia papo hapo. Havilii. Vinapima hewa na muda, kwa sababu sumu hii inajilimbikiza mwilini.

Magogo mepesi kama maandazi

Fundi alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mpole, mwenye Kiingereza cha taratibu cha watu wa huku. Mlangoni akavaa vifuniko vya viatu. Moto tulikuwa tumeuzima tangu jana yake, kama alivyoagiza. Akafunga gesi, akatandika shuka la kazi, akavuta vile vibano viwili, kioo kikatoka kama mlango wa kabati. Hadi hapo, zile video hazikudanganya.

Kabla hajagusa gogo lolote akapiga picha. Halafu akafungua kitabu changu kwenye ukurasa wenye mchoro, akaangalia mchoro, akaangalia magogo, akaangalia mchoro.

"Hili la kulia," akasema, "nani alilisogeza?"

Sasa nimefika kule nilikosema nitafika.

Majira ya baridi ya kwanza, shemeji yangu alikuja kututembelea. Tulifungua kile kioo, tukakaa tunapanga magogo. Nilitaka yakutane vichwa katikati, kama kuni kwenye mafiga. Nilitaka, nadhani, nikikaa pale nione moto wa nyumbani. Ukapendeza kweli. Tulipiga hadi picha.

Nilimwambia fundi, bila kutaja mafiga. Akatikisa kichwa tu, wala hakunisema. Akalinyanyua lile gogo akanipa nilishike. Lilikuwa jepesi kama andazi. Yametengenezwa kwa nyuzi za kauri, yanavunjika ukiyabana. Upande wa chini lilikuwa jeusi tii, masizi mazito kama ya kitako cha sufuria. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa limekaa juu ya matundu ya moto, ndimi zinaligonga, zinapoa kabla ya kumaliza kuungua. Na moto usiomaliza kuungua ndio unaotoa masizi, na masizi hayatoki peke yake. Hewa ile inatoka nayo.

Kwa hiyo nilikuwa nimejitengenezea jiko la mkaa ndani ya fayaplesi, kwa mikono yangu, kwa sababu ya kukumbuka nyumbani.

Aliendelea. Alivuta vumbi kwa mashine, akapiga brashi matundu ya moto moja moja, na nikajiona mimi na kijiti changu na jiko la jana. Kwenye kile kimoto kidogo kinachowaka muda wote, pailoti wanakiita, moto wake ulikuwa mnyonge na wa njano badala ya bluu. Akachomoa kijibomba, akapuliza, ukatoka utando wa buibui. Akaniambia wanapenda sana vijibomba vyembamba vya namna hii. Baadaye nikakumbuka kwamba mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita makumi ya maelfu ya magari ya Mazda6 Marekani kwa sababu ya buibui kutanda kwenye bomba la hewa la tangi la mafuta. Mdudu mmoja tu, na mainjinia wote wale.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ule muujiza wa umeme. Kando ya pailoti kuna kijiti cha chuma chenye unene wa penseli. Ndani yake kuna metali za aina mbili zimeunganishwa, na zikipashwa moto upande mmoja zinatoa umeme kidogo. Umeme huo ndio unaoshikilia valvu ya gesi iwe wazi. Pailoti ikizimika, kijiti kinapoa, umeme unakwisha, valvu inajifunga yenyewe. Ndiyo maana inawaka hata umeme wa mtaani ukiwa umekatika: moto unajizalishia umeme wake. Fundi akapima kwa mita yake kabla ya kusafisha, ikasoma milivolti 290. Baada ya kusafisha, 510. "Ile ya kwanza," akasema, "ingekuzimikia usiku wa baridi kuliko yote." Hakujua kwamba ananitajia usiku ule ule wa mwaka 2019.

Nilimuuliza

Alipokuwa anafuta kioo, kwa dawa nyeupe nzito kama losheni, nilimuuliza. Nilikuwa nimekaa na swali hilo tangu usiku wa droo.

"Tungekufa?"

Hakujibu haraka. Akamaliza kona aliyokuwa nayo. Sijui nilitaka aseme nini. Akisema ndiyo, dola zangu 190 zimeokoa watoto na mimi ni baba mwema. Akisema hapana, sikufanya kosa.

"Pengine hapana," akasema. "Huu wa kwenu umefungwa na kioo. Bomba lake ni mawili, moja ndani ya jingine. La nje linaleta hewa ya kuunguzia kutoka nje, la ndani linatoa moshi nje. Hauvuti hewa ya sebuleni." Kisha akapitisha kidole kwenye gasketi, ule uzi mnene unaozunguka kioo, akanionyesha sehemu ya juu ambapo ulikuwa umekakamaa na kuachia kama urefu wa kidole. "Lakini mimi hii siipendi."

Akaweka gasketi mpya. Hakuongeza neno.

Nimelitafuna sana jibu lile. "Pengine hapana" ni jibu ambalo huwezi kulitangaza kwenye grupu. Halimtishi mtu. Ukilisema, watakuambia si tulikwambia? Lakini wale vijana wa chai nao huenda walishalala na jiko lao usiku mwingi kabla ya ule, na kila asubuhi jibu lilikuwa pengine hapana.

Kabla hajaondoka tulizunguka nje kuangalia pale bomba linapotokea ukutani. Kichaka changu cha mapambo kilikuwa kimekua mpaka kimeliegemea. Akasema nikikate, na theluji ikianguka nyingi niwe natoka na koleo kulisafisha, kwa sababu likizibwa ndipo hadithi inapobadilika. Kichaka nimekikata jioni ile ile, nimevaa koti la kanisani.

Vumbi la kwenye kijilango cha chini nitatoa mwenyewe, na kioo kwa nje, kikiwa cha baridi. Magogo siyagusi tena. Mke wangu amenitaka niape, na nimeapa. Jambo jingine fundi aliniachia nikiwa namsindikiza: mitambo iliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa 2015 inakuja na wavu wa kinga mbele ya kioo, kwa sababu kioo kinaweza kupita nyuzi 200 na watoto wadogo wanaunguza viganja. Wa kwetu ni wa kabla ya hapo. Wavu tumeagiza. Mama asingehitaji kuambiwa hilo. Kwake jiko lilikuwa linazungushiwa viti.

Saa kumi na mbili asubuhi

Jumamosi iliyopita nilimpigia tena. Saa tatu usiku kwangu. Huku saa zimerudishwa nyuma, kwa hiyo kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza nyuma ya miti.

"Kamwene, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?"

"Huku ndio tunakwenda kulala."

"Ninyi na saa zenu."

Nilikuwa nimemwomba fundi aniachie uchafu wake. Alinishangaa, lakini aliniachia, kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Nikaumwaga juu ya gazeti mbele ya simu: vumbi, vipande vya masizi, kutu kidogo, utando wa buibui umejiviringisha kama kipande cha pamba.

"Uliniuliza majivu," nikamwambia. "Haya hapa."

Akasogeza uso. Paji tu.

"Ya siku ngapi?"

"Ya miaka mitano."

Akanyamaza kidogo. "Usimwage kwenye mboga," akasema.

"Simwagi, Mama."

"Na kile kidude kinachopiga kelele? Mkeo ameniambia ulikitoa."

Kumbe wanaongea. Nikanyanyuka na simu, nikaenda koridoni, mlango wa watoto upo wazi nusu, nikamwonyesha king'ora kipya ukutani. Akataka kusikia kinavyolia. Nikamwambia watoto wamelala. Akasema si ndio wakati wake wa kulia, watu wakiwa wamelala?

Nikabonyeza kitufe cha kujaribia. Kikapiga mara nne, kwa ukali wote, binti yangu akaita "Baba!" kutoka gizani, na kule Njombe, nyuma ya mgongo wa Mama, jogoo akaitikia.